Mfuko Wenye Kifungo

Tarehe 4 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama jana jioni, miguu imevimba kwa kukaa garini, mengine yote mazima. Wewe ndiye mtu pekee ninayemfahamu ambaye ili nimjulie hali lazima ninunue stempu, kwa hiyo vumilia mwandiko wangu.

Ninaandika mapema kwa sababu tuliagana vibaya. Najua nilipaza sauti pale nje ya hospitali na watu wakageuka kututazama. Naomba radhi. Lakini Mama, nilikukuta umelala sakafuni jikoni, sufuria imekauka juu ya jiko, na ulipofumbua macho jambo la kwanza uliloniuliza ni kama simu yangu nimeiacha barazani kwenye lile kopo la biskuti unamotaka simu zetu zote zilale. Nilikuwa nimeiacha. Ndiyo maana nilikimbia hadi barazani, nikahangaika na kifuniko cha kopo, kabla sijaweza kumpigia mtu yeyote aje na gari.

Daktari hakutia chumvi. Moyo wako unasimama kwa sekunde kadhaa halafu unaanza tena, na siku moja huenda usianze. Dawa yake ni kile kidude cha kuongoza mapigo, kinachowekwa chini ya ngozi karibu na bega la kushoto. Ametupa hadi mwisho wa Aprili. Wewe ulisema, "Niwekewe redio kifuani? Ng'o!" ukachukua mwavuli wako ukatoka. Ulikuwa mwavuli wa daktari, ule. Nimeurudisha.

Kidude hicho kinatuma mawimbi, kweli, lakini kidogo sana, na siku chache tu pale daktari anapotaka kukisoma. Mimi hayo ndiyo mambo yangu. Ndiyo kazi ninayofanya kila siku: napanda minara ya simu nikiwa na kipimo kifuani, na mawimbi yakizidi kipimo kinalia. Kabla ya kupanda kwenye antena tunazima mtambo, tunaufunga kwa kufuli, na ufunguo nauweka mfukoni mwangu. Sibahatishi.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Kitinda wako

*

Tarehe 13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika, na jirani yangu nesi amenisaidia kusoma maneno matatu, maana mwandiko wako umekuwa wa kuandikia dawa.

Sijambo. Nimefagia, nimefua, nimemwagilia maua. Je, huyo ni mtu wa kufa? Daktari wako ni mtoto mdogo. Ana chunusi. Na huo mwavuli unafanana na wangu kila kitu, msinifanye mwizi.

Kuhusu kidude, jibu ni lile lile. Ninyi watoto mmekua mnayaona mawimbi kama upepo wa feni. Mimi nimelala kitanda kimoja na mtu aliyechomwa nayo. Unaukumbuka mkono wa baba yako wa kulia, vile vidole viwili visivyokunja? Alikuwa juu ya mlingoti wa kituo cha redio, anafanya kazi yake, na mawimbi yakamfuata huko huko hewani yakamchoma hadi ndani ya nyama. Hakuna moto, hakuna moshi. Daktari wa wakati ule alisema kiganja kimeiva kutoka ndani. Baada ya hapo unataka niyaite kifuani kwangu yapange chumba?

Usifikiri nachukia kazi ya baba yako. Nilikuwa naipenda kuliko yeye. Wewe ulikuwa bado hujazaliwa tulipokuwa tunakaa zile nyumba za wafanyakazi, ukuta wa kituo na ukuta wetu umbali wa kurusha jiwe. Alikuwa anapanda huku anapiga mluzi, nami nikiwa uani naanika nguo nilijua amefika wapi kwa jinsi mluzi ulivyozidi kupungua. Saa saba mchana anashuka kula, na mezani tunakuwa watatu: yeye, mimi, na fyuzi. Lile lifyuzi kubwa la mtambo, jeupe, refu kama mhindi. Sheria yao ilikuwa hiyo. Anayepanda anachomoa fyuzi na kwenda nayo mfukoni, ili huku chini mtu asiweze kuwasha. Akimaliza kazi ya siku ndipo anairudisha. Fyuzi ikiwa imerudi, maana yake fundi ameshuka. Basi anapokula anaiweka kando ya sahani, nami namwambia, mkaribishe mgeni wako maji. Kila siku utani ule ule na kila siku anacheka. Wanaume wa siku hizi wanachekea nini, sijui.

Nimeandika mengi. Niletee uzi wa buluu ukija, huku wameanza kuuza uzi unaokatika ukiutazama tu.

Mama yako

*

Tarehe 22 Februari

Mama,

Shikamoo. Habari za fyuzi mezani sikuwahi kuzisikia! Miaka yote hiyo umezikalia. Nimewasomea wenzangu kazini na fundi mkuu amesema ufunguo wake nao ataanza kuukaribisha chakula.

Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza mtu wa kazi, si mtoto wako. Mtambo wa kituo cha baba ulikuwa na nguvu ya kuwasha taa za mji mdogo. Simu yangu ina nguvu pungufu ya balbu ya tochi. Hicho kidude chako hata tochi hakifikii. Halafu mawimbi yanapungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali nayo. Ndiyo maana tunawaambia watu wasilale na simu chini ya mto, watumie spika au waya wa masikioni wakiongea sana, na mtandao ukiwa hafifu wasibishane nao, maana simu inapokosa mnara inapaza sauti na nguvu inaongezeka. Wataalamu bado wanachunguza mengine, sitakudanganya kwamba kila kitu kinajulikana. Mtu mwenye kidude cha moyo anaambiwa jambo moja tu la simu: iwe mbali na kidude kwa shubiri moja. Asiiweke kwenye mfuko wa kifua upande ule, na aisikilize kwa sikio la upande wa pili. Basi. Shubiri moja, Mama. Wewe ushonaye utaipima ukiwa umefumba macho.

Na kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenikaa kichwani. Unasema mawimbi yalimfuata baba hewani. Hayafanyi hivyo. Kuungua kwa namna ile, kutoka ndani, kunampata mtu aliyeshika chuma cha antena wakati mtambo unawaka. Lakini fyuzi si ilikuwa mfukoni mwake? Basi mtambo uliwashwaje? Nani aliuwasha? Baba mwenyewe alikuwa akijibu, "Nilikuwa mzembe," na kubadili mazungumzo.

Ninauliza kwa sababu ya kazi tu. Na kuna habari: kile kituo cha zamani kinavunjwa mwezi ujao, na ni timu yetu inayotumwa kukagua mitambo kabla mlingoti haujaangushwa. Nitaiona nyumba yenu!

Kitinda wako

*

Tarehe 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Wiki tatu sasa na sijapata hata mstari. Nilimpigia nesi, kasema uko mzima, unashona, lakini ukiulizwa habari zangu unanyamaza kama maji ya mtungini. Nimekukosea nini? Roho iko juu. Aprili inakaribia.

Kitinda

*

Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Mvua zimechelewa. Kaka yako mkubwa alipita Jumapili, amenenepa. Uzi wa buluu nimepata, usisumbuke.

Huko kituoni hakuna cha kuona ila kutu. Msipande. Na mambo ya zamani usiyafukue, wenyewe walishayafukia.

Mama yako

*

Tarehe 27 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yenu. Ni ya tatu kutoka langoni, sivyo? Mlango haupo, lakini kwenye fremu kuna mistari ya penseli ya kupima urefu wa kaka, mitano, na wa mwisho umeandikwa "kasimama kwa vidole, mwongo huyu." Huo ni mwandiko wako. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuangalia. Nguzo mbili za kamba ya kuanikia bado zimesimama uani. Nilisimama katikati yake nikainua macho, na mlingoti upo pale pale juu ya kichwa, mwembamba, kutu tupu. Nilijaribu kupiga mluzi. Sijui kupiga mluzi, unajua.

Nimemkuta yule mzee mliyekuwa mnamwita Saa Kamili, opereta aliyekuwa anawasha mtambo na kusoma saa redioni. Bado anakaa nyumba ya kwanza, hakuhama. Saa yake ya mkononi imesimama lakini ukimuuliza saa ngapi anakupa bila kuangalia, na anapatia. Alinishika mikono yote miwili akasema nina kidevu cha baba.

Nilimuuliza siku ile nani aliwasha. Akaniambia, "Mimi." Nikamuuliza kwa nini, na fundi alikuwa juu. Akasema, "Mwanangu, kamuulize mama yako. Mimi nilimwahidi, na ahadi yangu haina kutu." Halafu akaanza kunionyesha kuku wake.

Mama, unaficha nini? Kama Saa Kamili alikosea na wewe unamkinga, sina ugomvi naye, ana miaka themanini na kuku sita. Ninachotaka ni wewe uende hospitali. Zimebaki wiki nne na siku chache.

Tuko hapa hadi katikati ya Aprili. Tumia anwani ya kituo, posta yake bado inafanya kazi.

Kitinda

*

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Saa Kamili hakukosea. Mwache na kuku wake.

Nilitaka kwenda nalo kaburini, na nusura niende nalo siku ile jikoni. Keti chini usome.

Siku ile ilikuwa na mawingu. Baba yako asubuhi alisema mvua ikimkaribia atamaliza kazi mapema. Saa saba alikuja kula, ovaroli imejaa grisi mpaka kwenye kola, akala akiwa amesimama, hakukaa mezani. Fyuzi hakuitoa. Alibadili ovaroli akavaa safi, akatoka mimi nikiwa uani, wala sikuona amepita njia gani, na mluzi sikuusikia. Nikadhani amemaliza, ameenda karakana. Nikachukua ile chafu nikaitumbukiza kwenye beseni, na mfukoni nikagusa kitu kigumu. Fyuzi.

Mwanangu, nilicheka. Nilisema, huyu bwana leo kasahau mgeni wake. Amemaliza kazi na hakurudisha fyuzi, na saa tisa ni taarifa ya habari, redio itakaa kimya nchi nzima na mume wangu ndiye atakayelaumiwa. Nikaikausha kwa kanga yangu vizuri, nikakimbia nayo. Nilikimbia kwa furaha, unasikia? Kama mtu anayepeleka zawadi. Nikampa Saa Kamili dirishani nikamwambia, "Mwenzio kasahau hii." Kwao fyuzi ikirudi fundi yuko chini. Atauliza nini zaidi, na aliyeileta ni mke wa fundi? Akaichomeka akawasha.

Uwanja ule niliukatiza wote na sikuinua macho. Mlingoti ulikuwa juu yangu na mume wangu yuko juu yake, na mimi natazama chini nisije nikakanyaga tope.

Nilisikia sauti yake kabla sijafika nyumbani.

Nilimwomba Saa Kamili asiseme ni nani. Baba yako alipozinduka hospitali akasema mwenyewe kwamba alikuwa mzembe, alipanda bila kupapasa mfuko, na mimi nikamwacha aseme. Nilimlisha kwa kijiko miezi miwili, nikimtazama akijilaumu, na ulimi ukawa mzito. Miezi ikawa miaka. Halafu akafa.

Watu wakiniuliza nilisema ni mawimbi. Nimewaambia ninyi, nimewaambia majirani, nimewawekea kopo la biskuti barazani miaka yote hii, nimelisema mpaka nikaanza kuliamini. Sasa unakuja wewe na kipimo chako kifuani unaniambia mawimbi hayamfuati mtu, yanataka mtu ayawashe. Unadhani nilinuna kwa sababu sikuelewa? Nilielewa mwanangu, mara ya kwanza tu. Kama si mawimbi, basi ni mimi.

Ndiyo maana sikitaki hicho kidude. Mkono wa baba yako niliupika mimi, halafu hayo hayo mawimbi yakae kifuani kwangu yaniongezee siku? Kwa haki gani?

Sasa unajua. Ukitaka kukaa kimya nitakuelewa.

Mama yako

*

Tarehe 12 Aprili

Mama yangu, mama yangu,

Sikai kimya. Barua imefika leo asubuhi na nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya uwanja ule ule.

Nilienda moja kwa moja kwa Saa Kamili. Nikamwonyesha ukurasa mmoja tu, ili ajue ahadi imefunguliwa na mwenyewe. Alisoma polepole, akavua miwani, akasema, "Miaka thelathini na sita, miezi minne." Halafu akaingia ndani akatoka na daftari la kituo la mwaka ule. Aliliokoa mwenyewe walipokuwa wanachoma makaratasi. Nimenakili neno kwa neno. Ni mwandiko wa baba lakini umepinda na kuyumba, kama wa mtoto wa darasa la kwanza, maana aliandika kwa mkono wa kushoto. Tarehe ni wiki tano baada ya ajali:

"Saa nane na dakika arobaini mchana mtambo uliwashwa fundi akiwa juu. Sababu: fundi alibadili nguo na kuacha fyuzi nyumbani, akapanda bila kuhakikisha. Opereta hana kosa. Aliyeleta fyuzi hana kosa. Aliyeleta alifanya kama nilivyomfundisha mwenyewe kila siku mezani kwangu. Kuanzia leo fyuzi haipokelewi ila kutoka mkono wa yule aliyepanda. Mfuko wa fyuzi uwe kifuani, uwe na kifungo."

Alijua, Mama. Alijua tangu hospitali. Saa Kamili anasema baba alimuuliza siku ya pili tu, kabla wewe hujamwomba kitu, na yeye hakuweza kumdanganya mtu aliyelala vile. Baba akasema, "Usimwambie kwamba najua. Akijua najua, hatanitazama tena usoni." Kwa hiyo yule mzee alikuwa na ahadi mbili, moja yako na moja ya baba, na amezibeba zote mpaka leo bila kuzigonganisha. Anasema ndiyo maana hakuhama, aliogopa akienda kukaa karibu na watu atakuwa mropokaji.

Nimekumbuka zile ovaroli. Zote zilikuwa na mfuko wa kifua wenye kifungo cheusi, na ulizishona wewe. Si ndiyo? Nani alikuambia ushone? Kulikuwa na fundi cherehani pale kituoni, Saa Kamili kanionyesha chumba chake. Baba angeweza kumpa yeye. Alikuletea wewe.

Mimi sijui haki ni nini katika mambo haya, mimi najua kupima tu. Lakini nimepima. Mtu huyo aliandika kwa mkono asioujua, maumivu bado yamejaa, ili jina lako lisiwemo. Usiitupe kazi yake, Mama. Nenda hospitali. Zimebaki siku kumi na nane.

Ndani ya bahasha hii utakuta kifurushi kidogo, ni kizito, ndiyo maana stempu zimejaa mpaka nyuma. Mlingoti unaangushwa Alhamisi. Hawaihitaji tena.

Kitinda wako

*

Tarehe 21 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba, na zile zote ambazo sikuitikia.

Mkono wa kushoto hawaruhusu niuinue kwa wiki nyingine mbili, basi nimefagia kwa mmoja. Yule daktari wa chunusi alinishona mwenyewe. Nimekagua mshono wake. Si mbaya, ila mwisho hakufunga fundo vizuri, nimemwambia. Kidude kipo, kinaonekana kidogo chini ya ngozi kama kifungo kilichoshonwa upande wa ndani. Jikoni sijaanguka tena. Asubuhi naamka nakisikiliza, hakina sauti yoyote. Nilidhani kitapiga kelele kama redio isiyokaa kwenye stesheni.

Ile nakala ya daftari nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Ulichouliza, ndiyo, alikuja nazo mwenyewe, ovaroli nne mpya, akaziweka mapajani kwangu na ule mkono wenye bandeji. Akasema, "Nishonee mfuko hapa, wewe." Nilidhani anasema wewe kama watu wanavyosema. Nilishona nikilia, na yeye amekaa hapo hapo mbele yangu ananihesabia mishono, ananitania kwamba kifungo kimoja kimekaa upogo. Nilidhani hajui kwa nini nalia. Miaka kumi na tisa tulikaa hivyo, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu kile kile. Tungeweza kulia pamoja hata mara moja, tukamaliza. Hilo ndilo linaloniuma sasa, la fyuzi limepoa.

Fyuzi nimeiweka kwenye kopo la biskuti. Simu zenu mkija zitafute pa kulala.

Maana hata mimi ninayo. Kaka yako kaileta. Nimechukua magauni yangu yote sita nikayashonea mfuko upande wa kulia, chini ya kiuno, nikapima mwenyewe kutoka kwenye kidude: shubiri moja, na ya pili nikaongeza ya uchoyo. Mifuko yote ina vifungo. Nipigie Jumapili saa kumi jioni, nitasikiliza kwa sikio la kulia. Lakini barua usiache. Simu haiwekeki chini ya godoro.

Pamoja na hii nakutumia mfuko mmoja wa buluu. Kitambaa ni cha ovaroli yake ya mwisho, nilikuwa nimeitunza. Uushone kifuani kwenye vazi lako la kazi, au uje nikushonee. Ufunguo wa kufuli lenu ukae humo, na usipande kabla hujaupapasa. Ukishuka, urudishe kwa mkono wako mwenyewe.

Na mimi nikipita chini, nitainua macho.

Mama yako